Moshi unaonekana, anayeuvuta haonekani

Mwishoni mwa Agosti 2019, wakati dunia ikiulilia msitu wa Amazoni, ramani moja ilianza kuzunguka kwenye simu za watu. Ilijaa nukta nyekundu zilizotokana na setilaiti za NASA, na hesabu zake ziliwashtua wengi: katika saa 48, Angola ilikuwa na mioto 6,902, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 3,395, na Brazili, iliyokuwa midomoni mwa kila kiongozi wa Ulaya, 2,127 tu. Viongozi wa G7 walikuwa wamekutana Biarritz, Ufaransa. Rais Emmanuel Macron akaandika kuwa misitu ya Afrika kusini mwa Sahara nayo inaungua, na kwamba mpango kama ule wa Amazoni ulikuwa ukifikiriwa kwa ajili yake. Kwa siku chache mkulima wa Katanga, kusini mwa Kongo, anayechoma mabua shambani akajikuta kwenye kesi moja na mtu anayefyeka msitu mkubwa wa Rondônia, Brazili, ili apate malisho ya ng'ombe.

Naikumbuka ramani ile kwa sababu kila mwaka, kuanzia Juni, nukta hizo hurudi palepale, na kila mwaka hutokea mtu akazigundua upya na kupiga yowe. Lawama si za setilaiti. Picha za moshi na vumbi zimekuwa nyingi kuliko watu wanaojua kuzisoma, na Afrika Mashariki na ya Kati pengo hilo ni pana mno. Tunapigwa picha kutoka juu kila baada ya dakika 15, usiku na mchana, lakini mzazi wa mtoto mwenye pumu aliyeko Kigali au Bukoba hana wa kumwambia leo jioni kama hewa ya kesho itakuwa mbaya.

Tuanze na nukta yenyewe, maana ndiyo inayoleta ugomvi. Setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na mwenzake Aqua, wa Mei 2002, zilibeba kifaa kiitwacho MODIS. Kifaa hicho hakitafuti miali ya moto kama jicho linavyofanya. Hupima mionzi ya joto katika mawimbi mawili: la karibu mikromita 4 (mikromita moja ni sehemu ya milioni ya mita), ambalo vitu vyenye moto mkali hung'aa kupita kiasi, na la mikromita 11, ambalo ardhi ya kawaida hutolea joto lake. Mraba wa kilomita 1 kwa 1 ukionekana kung'aa mno katika wimbi la kwanza, kuliko wimbi la pili na kuliko miraba iliyouzunguka, kompyuta huweka alama. Moto wenyewe unaweza kuwa mdogo kuliko uwanja wa mpira, ila alama inachukua mraba mzima. Kisha mchoraji wa ramani, akitaka nukta ionekane kwenye skrini ya simu, huikuza zaidi. Ukiitazama Afrika nzima kwa mtindo huo utaapa kwamba kuanzia Luanda hadi Lindi hakuna jani lililobaki.

Nukta hiyo pia haina habari na aliyewasha wala sababu yake. Karibu na Goma zipo nukta ambazo hazijawahi kuwa za mkulima yeyote, ni lava ya Nyiragongo na Nyamulagira. Gesi inayochomwa kwenye visima vya mafuta nayo huwaka nyekundu ileile. Ndiyo maana wenyewe NASA, wakiandika kwa uangalifu, husema wameona mahali penye joto lisilo la kawaida. Uangalifu huo hupotea ramani inapofika kwa mhariri wa habari mwenye haraka.

Sasa upande wa pili wa shilingi, ambao wale wanaowatetea wakulima huwa hawapendi kuutaja. Ramani inayotia chumvi machoni hupunguza hesabu vitabuni. Aqua ilipangwa kupita juu ya ikweta yapata saa saba na nusu mchana. Moto uliowashwa saa kumi alasiri na kuzimika kabla ya giza, mdogo, wa nusu ekari, hauonwi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha hesabu mpya ya eneo lililoungua kusini mwa Sahara kwa mwaka 2016, wakitumia setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinazoona vitu vya ukubwa wa mita 20 hivi. Walipata karibu kilomita za mraba milioni 4.9, asilimia 80 zaidi ya kile MODIS ilichokuwa imehesabu. Eneo lililokosekana lilikuwa la mioto midogo: ya kusafisha shamba, ya kando ya njia, ya mrina asali.

Halafu kuna jambo la tatu, linaloonekana kupingana na hayo mawili. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Niels Andela lilionyesha kuwa eneo linaloungua duniani lilipungua kwa karibu robo katika miaka 18 iliyoishia 2015, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea kwenye nyika, zikiwemo za Afrika. Nyika zinageuka mashamba, vijiji na barabara, na moto hauna tena uwanja mrefu wa kukimbilia. Kwa hiyo mioto ni mingi kuliko tulivyodhani, midogo kuliko inavyochorwa, na kwa jumla eneo lake linapungua. Anayetaka kichwa cha habari kwamba Afrika inaungua kuliko wakati wowote hana pa kushika. Anayetaka kusema hakuna tatizo pia hana.

Afrika ndiyo yenye takriban asilimia 70 ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka. Takwimu hiyo inatisha mpaka ukumbuke aina ya ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ni nyika na miombo, mimea iliyozoeana na moto tangu kabla ya mwanadamu kujenga mji. Nyasi zinaungua Julai, mvua zikishuka Novemba zimechipua. Wafugaji huchoma ili ng'ombe wapate majani mapya, na askari wa hifadhi huchoma mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba ukose chakula. Linganisha na kilichotokea Kilimanjaro Oktoba 2020. Moto ulianza tarehe 11 eneo la Whona, kwenye njia ya Mandara na Horombo, ukapanda kwenye vichaka vya juu ya msitu ambako mmea huchukua miaka mingi kurudi, na mamia ya watu, wengi wao wa kujitolea, wakapandishwa mlimani kuupiga kwa matawi na majembe. Kwenye ramani, nukta ya Kilimanjaro na nukta ya askari wa hifadhi anayefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya zina rangi moja. Mfumo unaoziweka kapu moja haumsaidii mhifadhi wala mkulima. Ukweli ni kwamba kinachozitenganisha hakiko angani: ni tarehe, aina ya mimea, mwinuko, na mtu anayeijua sehemu ile.

Tukitoka kwenye moto na kuingia kwenye moshi, mambo yanakuwa magumu zaidi, na matamu zaidi kwa mtu anayependa kujua vitu vinavyofanya kazi.

Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga. Setilaiti zimetuonyesha kuwa moto wenyewe unaweza kuwa nchi tatu nyuma. Kati ya Julai na Oktoba moshi wa Angola, Zambia na kusini mwa Kongo husukumwa na pepo za mashariki mpaka Bahari ya Atlantiki, ukatanda juu ya mawingu meupe yaliyolala baharini mbele ya pwani ya Namibia na Angola. Picha yake ni ya ajabu: weupe wa wingu umepakwa rangi ya kahawa. Kuanzia 2016 hadi 2018 NASA ilipeleka ndege huko, kwanza Walvis Bay nchini Namibia, kisha kisiwa cha São Tomé, kupima kama moshi ule unapasha dunia joto au unaipoza, kwa sababu moshi juu ya bahari nyeusi hurudisha mwanga angani, lakini moshi uleule juu ya wingu jeupe hunyonya mwanga ambao wingu lingeurudisha. Mwaka 2000, katika utafiti mwingine mkubwa uliofanyika kusini mwa Afrika, ulionekana mto wa moshi uliopinda kuelekea upande wa pili, ukavuka bara na kumwagikia Bahari ya Hindi.

Kinachotuhusu sisi zaidi, na kinachosemwa kidogo zaidi, ni sehemu inayopanda kuja Maziwa Makuu. Kaskazini mwa Rwanda, juu ya mlima Mugogo karibu mita 2,590 kutoka usawa wa bahari, kuna kituo cha kupima hewa kilichoanzishwa na Rwanda kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani. Vipimo vyake vimeonyesha kuwa masizi hupanda juu mara mbili kwa mwaka, wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti na kile cha Desemba hadi Februari, na kwamba sehemu kubwa inatokana na moto wa nyika za mbali: msimu mmoja kutoka kusini mwa ikweta, msimu mwingine kutoka kaskazini. Mkazi wa Musanze anavuta pumzi iliyowashwa na mtu asiyemjua, katika nchi ambayo huenda hajawahi kufika. Hilo setilaiti peke yake isingeweza kulithibitisha. Ilihitajika nyumba ndogo mlimani, mashine zinazonyonya hewa usiku na mchana, na vijana wa kuziangalia.

Kwa nini picha peke yake haitoshi? Sababu ya kwanza ni ya fizikia tupu. Chembe za moshi ni ndogo sana, nyingi zikiwa chini ya mikromita moja. Mchana zinatawanya mwanga wa jua na kuonekana vizuri, hasa asubuhi na jioni jua likiwa limelala. Jua likizama, setilaiti hubaki na mionzi ya joto pekee, na mawimbi ya joto yenye urefu wa mikromita kumi hivi hupita katikati ya chembe hizo kana kwamba hazipo. Moto wenyewe utaonekana usiku bila shida. Moshi wake utapotea mpaka asubuhi, na bahati mbaya usiku ndio wakati hewa inapotulia na moshi kushuka mabondeni, wanapolala watu.

Vumbi ni kinyume chake. Chembe za vumbi ni kubwa zaidi, na madini yaliyomo, hasa yale ya mchanga, hunyonya joto kwa namna yake katika mawimbi ya mikromita 8.7, 10.8 na 12.0. Wataalamu wa Ulaya walichukua tofauti za mawimbi hayo na kuzipaka rangi: tofauti moja nyekundu, nyingine kijani, na joto lenyewe bluu. Matokeo yake vumbi hutokea la waridi. Setilaiti za kizazi cha pili cha Meteosat, zile za Ulaya za hali ya hewa, zilizoanza kazi rasmi 2004, hupiga picha hizo kila robo saa, ziwe gizani au kwenye mwanga. Ukikaa usiku ukitazama mfululizo wa picha za Bodélé, lile bonde la ziwa lililokauka nchini Chad, utaona waridi likichomoza alfajiri upepo unapopenya kati ya milima ya Tibesti na Ennedi, kisha likinyooka kuelekea Nigeria na Atlantiki. Sehemu ya vumbi la Sahara hufika hadi Amazoni. Utafiti wa 2015, uliotumia setilaiti yenye miale ya leza, ulikadiria wastani wa tani milioni 27.7 kwa mwaka zinazotua kwenye bonde la Amazoni, zikiwa na tani 22,000 hivi za fosforasi. Msitu ule ambao Macron aliulilia unapata sehemu ya mbolea yake kutoka jangwa la Afrika. Sijui kama kuna aliyemwambia.

Sisi wa upande huu tuna vumbi letu, ingawa halipewi majina ya kutisha kama lile wingu la Sahara la Juni 2020 lililofika Karibi na kusini mwa Marekani. Kaskazini mwa Kenya, upepo mkali unaopenya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hupita juu ya jangwa la Chalbi na kuliinua. Upepo huohuo ndio unaoendesha mitambo ya umeme karibu na Ziwa Turkana. Na ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Doha wanalijua vumbi la Ghuba kuliko wanavyolijua la kwao. Mei 2022 dhoruba za vumbi ziliipiga Iraki mfululizo, na katika moja yake, tarehe 5, watu zaidi ya 5,000 walitibiwa kwa matatizo ya kupumua. Picha za waridi zilikuwepo. Swali lilikuwa nani kapewa habari saa ngapi.

Na hata waridi lina hila zake. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, rangi hufifia, na vumbi zito linaweza kuonekana jepesi. Ardhi tupu yenye mawe ya aina fulani hutoa waridi pasipo na vumbi lolote. Anayesoma picha moja tu anadanganyika kirahisi. Anayetazama mfululizo wa saa sita anaona kitu kinachotembea, na ardhi haitembei.

Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni kimo. Setilaiti nyingi hupima jumla ya chembe zote kuanzia juu ya anga hadi ardhini. Ni kama kutazama kikombe cha chai ya rangi kutoka juu: unaona weusi wake, hujui majani yanaelea au yametuama. Moshi uliopo kilomita nne juu ya Tabora utaipaka picha rangi ya kijivu na usimdhuru mtu yeyote aliye chini yake. Moshi mwembamba uliolala mita mia kutoka ardhini, picha isiuone vizuri, utajaza zahanati. Setilaiti ya CALIPSO, iliyorushwa 2006, ilikuwa ikituma miale ya leza kupima kimo hicho, lakini njia yake ilikuwa nyembamba mno na ilimaliza kazi 2023. EarthCARE ya Ulaya na Japani, iliyorushwa Mei 2024, imeipokea kazi hiyo. Zote ni nzuri, na zote hupita juu ya mji mmoja kwa nadra. Njia ya uhakika ya kujua mtu anavuta nini ni kuweka kipimo mahali anapovutia.

Hapo ndipo tunapokwama. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwongozo wake mwaka 2021: chembe ndogo za PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikromita 2.5, zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa siku. Kutoka kwenye picha ya setilaiti hadi kwenye tarakimu hiyo kuna hesabu ndefu, na hesabu hiyo inahitaji vituo vya ardhini vya kuisahihisha. Marekani na Ulaya vituo ni maelfu. Kwetu, katika eneo linaloungua kuliko yote, unahesabu kimoja kimoja. Kwa miaka kadhaa baadhi ya miji mikuu ya Afrika ilitegemea mashine zilizofungwa kwenye majengo ya balozi za Marekani, Kampala na Addis Ababa zikiwemo. Machi 2025 serikali ya Marekani ikasitisha kuzitoa data hizo kwa umma. Mashine zilikuwa zao na ukuta ulikuwa wao, kwa hiyo sioni sababu ya kuwalaumu sana. Naona aibu tu kwamba swichi ya kujua hewa ya Kampala ilikuwa Washington.

Wapo waliokataa kungoja. Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wa AirQo ulioanza 2015, kimetengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili joto, vumbi na umeme wa kukatikakatika. Vingine vimefungwa kwenye bodaboda, vikapima hewa mtaa kwa mtaa wakati dereva akitafuta riziki yake. Vimeshavuka mipaka ya Uganda na kufika miji mingine ya Afrika. Usahihi wake haulingani na mashine za mamilioni, na watengenezaji wenyewe huvirekebisha kwa kuvilinganisha na mashine hizo. Lakini kipimo cha wastani kilichopo kinashinda kipimo bora ambacho hakipo, na kipimo hicho kikiunganishwa na picha ya angani, vyote viwili vinapanda thamani.

Nchi zilizoungua hadharani zimeshajifunza hilo. Juni 2023 moshi wa Quebec uliigeuza New York rangi ya chungwa, na jamaa zetu walioko huko na Toronto walitutumia picha za adhuhuri iliyofanana na magharibi. Kanada mwaka ule ilipoteza zaidi ya hekta milioni 14 kwa moto. Wengi wetu tuliona anga tu. Nyuma ya anga ile kulikuwa na kazi ya ofisini isiyovutia kupigwa picha: kwenye idara ya hali ya hewa ya Marekani, NOAA, wapo wachambuzi wanaokaa mbele ya picha za setilaiti kila siku na kuchora kwa mkono mipaka ya moshi, wakiutaja kuwa mwepesi, wa wastani au mzito. Kwa mkono, nasisitiza, pamoja na kompyuta zote walizonazo, kwa sababu mashine bado huchanganya moshi na wingu jembamba au mng'ao wa jua baharini. Michoro hiyo tangu 2020 huwekwa kwenye ramani moja na vipimo vya serikali na vile vidogo ambavyo watu hununua wenyewe na kufunga barazani. Mzazi hufungua ramani, anaamua kama mtoto atacheza nje. Hakuna anayemwomba ajue mikromita.

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Kufikia 2005 mradi wa PUMA ulikuwa umezipa mamlaka za hali ya hewa za nchi karibu zote za Afrika mitambo ya kupokea picha za Meteosat. Meteosat-9 tangu 2022 imeegeshwa juu ya Bahari ya Hindi, nyuzi 45.5 mashariki, inatutazama karibu wima. Nairobi kuna ICPAC na RCMRD, taasisi za kikanda za hali ya hewa na za ramani, zenye watu wanaoijua kazi hii. Mpango wa Copernicus wa Ulaya hutoa bure utabiri wa moshi na vumbi wa dunia nzima kwa siku tano mbele. Hata kurusha vyombo angani si kitu kigeni kwetu: Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilipaa kutoka pwani ya Malindi, na Aprili 2023 Kenya ilituma setilaiti yake, Taifa-1. Siku ile ya Taifa-1 nilifurahi kama wengine. Lakini kama ningepewa fedha nichague kati ya setilaiti nyingine yenye bendera na mishahara ya wachambuzi kumi kwa miaka kumi, nisingehitaji kulala nikiliwazia.

Utabiri wa jioni tuliouzoea unatuambia mvua, upepo na mawimbi. Mvuvi wa Mafia anajua kusi litakavyovuma kesho. Kuongeza sentensi moja kuhusu moshi kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa mikoa ya Kigoma, Rukwa na Kagera, kwa Rwanda, Burundi na kusini mwa Kongo, hakuhitaji kurusha kitu chochote. Kunahitaji mtu mmoja zamu ya asubuhi, aliyefundishwa kutofautisha moshi na wingu, mwenye ruhusa ya kusema hadharani na simu ya mtu wa mji wa pili wa kumwuliza kipimo chake kinasoma ngapi. Litakalosumbua ni ruhusa. Kusema moshi wa leo unatoka upande fulani ni kumnyooshea jirani kidole, na serikali zetu huona haya kunyoosheana vidole hata pale kidole kinapoonekana kutoka kilomita 36,000 juu, ilikoegeshwa Meteosat. Makubaliano ya mapema, kwamba taarifa ya moshi si mashtaka, yanaweza kufanyika ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kuwa Kongo nayo ni mwanachama tangu 2022. Yasipofanyika, tutaendelea kusubiri Biarritz nyingine itusomee picha zetu.

Kuna pingamizi ambalo nalisikia kila ninapolizungumza hili, na halina upuuzi ndani yake. Moshi unaoua Waafrika, wanasema, uko jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani, kuni na mkaa vikiongoza. Mama anayepulizia mafiga asubuhi na jioni, wa nini kumsumbua na moshi wa Zambia? Jibu langu ni kwamba mapafu yake hayana vyumba viwili. Moshi wa nyika ukishuka Julai unakuta ule wa jikoni umeshatangulia, na mtu wa kwanza kuelemewa ni yule aliyekwisha kuchoka. Zaidi ya hapo, tusipovipima kando kando hatutajua jiko sanifu limesaidia kiasi gani. Tutagawa majiko Mei, tutapima Agosti, tutaona hewa imezidi kuchafuka, na mtu ofisini ataandika kwamba mradi umeshindwa, kumbe upepo uligeuka.